UZI: Warsha za kusuka ukili zianzie kwenye mkindu na ziishie kwenye pindo

Mwanzisha uzi (Unguja)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Warsha za kazi za mikono zimeongezeka sana siku hizi Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, na mimi ni miongoni mwa wanaolifurahia jambo hilo kwa dhati. Mtu hulipa ada, hukaa chini na fundi aliyebobea, na baada ya saa tatu au nne huondoka na kipande cha ukili, yaani utepe mrefu wa majani yaliyosukwa, alichokisuka kwa mikono yake mwenyewe. Nimeanza kusuka ukili tangu utotoni na nimefundisha katika warsha za namna hiyo, na ninaamini kwamba nyingi zimekatwa mahali pasipofaa. Huanzia kwenye chane, yaani vipande vyembamba vya majani, ambazo tayari zimekaushwa, zimechanwa na kutiwa rangi, kisha huishia kabla mwanafunzi hajaishika shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Kinachofundishwa ni kusuka peke yake, na kusuka ndiyo hatua ambayo hata mtoto wa miaka saba huishika upesi akikaa karibu na mama yake.

Naomba nieleze kazi ilivyo, kwa faida ya wasioijua, kisha niseme ninachokipendekeza.

Kuna ukindu na kuna miyaa. Ukindu hutoka kwenye mkindu, mti wa jamii ya mtende unaopenda mabonde yenye maji na kingo za mito, na ambao huota kwa kichaka chenye mashina mengi. Miyaa hutoka kwenye mkoma, mti mwingine wa jamii hiyo ya mitende. Miyaa ni migumu na hufaa majamvi na vikapu vya kubebea mizigo, ilhali ukindu ni laini zaidi na ndio unaopendwa kwa mikeka mizuri, misala na kawa za kufunikia chakula. Kwa vyovyote vile, kinachokatwa ni kuti changa la katikati ambalo bado halijafunguka, na hapa ndipo somo la kwanza lilipo. Ukilikata mapema mno, utapata chane fupi ambazo zitakulazimisha kuunga kila mara. Ukichelewa, majani yamekwisha kufunguka, yamekuwa ya kijani na yamekakamaa, na hakuna jua litakaloyarudisha kwenye ulaini. Aliyefundishwa vizuri hukata kuti moja kwenye shina, hulipumzisha shina hilo mpaka makuti mengine yachipue, na hakati kwa kina kiasi cha kukidhuru kitovu cha mmea. Warsha isiyomfikisha mwanafunzi kwenye mkindu haiwezi kumfundisha jambo hilo, na mahitaji ya wanaosuka yakizidi bila wao kujua namna ya kuvuna, mabonde yataisha mikindu.

Baada ya kukata huja kuanika. Makuti hutandazwa kwenye jua kali kwa siku kadhaa, hugeuzwa, na huingizwa ndani mvua inapotishia, kwa sababu unyevu ukiyakuta huacha madoa ya ukungu ambayo hayatoki tena. Rangi ya kijani hufifia taratibu mpaka jani linakuwa jeupe lenye umanjano wa mbali. Ndiyo maana kaskazi ni msimu mwema wa kuandaa malighafi, na mwenye kuanza masika hujitafutia taabu.

Halafu kuna kuchana, hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayompambanua fundi. Jani kavu hushikwa kwenye ncha, kingo ngumu huvuliwa, kisha ukucha wa kidole gumba au ncha ya sindano huingizwa na jani hupasuliwa kwa urefu wake kwa mvuto mmoja usiositasita. Mkono wa kushoto ndio unaoamua unene wa chane, kwa kuwa ukilegeza upande mmoja mpasuko hukimbilia upande huo na chane hutoka pana mwanzoni na nyembamba mwishoni. Mwanafunzi hatauona ubaya huo wakati wa kuchana. Atauona atakapokuwa amesuka urefu wa mkono mmoja na ukili umeanza kujipinda upande mmoja, naye asielewe kwa nini, maana vidole vyake havikukosea mahali popote katika kusuka. Katika warsha ambako chane huletwa tayari, swali hilo halizuki kabisa, na anayesuka huondoka akidhani kwamba ukili hunyooka wenyewe.

Rangi hutiwa kabla ya kusuka, kwa kuchemsha chane ndani ya sufuria. Mizizi ya mdaa hutoa rangi nzito inayokaribia weusi, magome ya mkandaa hutoa wekundu wa udongo, na manjano hutoa rangi inayoitwa kwa jina lake. Leo wengi hutumia rangi ya unga ya dukani, wala sioni kosa, kwa sababu hushika vizuri na huokoa muda. Lililo muhimu ni kwamba anayetia rangi lazima awe amekwisha kuamua nakshi, kwa kuwa ni chane ngapi za rangi zitaingia na zitakaa wapi kwenye mwanzo wa ukili ndiko kunakoamua nakshi itakayotokea mbele. Huwezi kubadilisha mawazo katikati bila kuacha alama.

Kusuka sitaki kukuelezea sana. Chane hupishana kwa mshazari, juu na chini, na zinapokaribia kuisha mpya huchomekwa juu yake ili ncha zibaki upande wa nyuma, zikatwe baadaye.

Sasa kushona, hatua ambayo wahudhuriaji wengi wa warsha hawajui hata kwamba ipo. Mkeka wa ukili haushonwi kwa kuweka vipande sambamba. Ukili mmoja mrefu huzungushwa, ukingo wake ukaunganishwa na ukingo wa mzunguko uliotangulia, uzi ukipita ndani ya mikunjo ya kingo zote mbili hata usionekane, mpaka linapatikana umbo la mviringo kama bomba, lililo wazi juu na chini. Umbo hilo hukatwa kwa urefu, hufunguliwa, na ndipo mkeka unapotandazika kwa mara ya kwanza. Kisha hutiwa pindo ili kingo zilizokatwa zisifumuke. Ikiwa ukili una upana usio sawa, au umesukwa kwa mkazo unaobadilika, mkeka ukifunguliwa hautalala chini. Utafura katikati au utanyanyua pembe. Makosa yote ya tangu kukata kuti hujitokeza hapo.

Tupige hesabu kidogo. Mkeka wa mita 2 kwa mita 1.2 una eneo la mita za mraba 2.4. Ukili wa vidole vitatu, takribani sentimita 5, utahitajika wa urefu wa mita 48, sawa na karibu pima 27 (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kama mita 1.8), bila kuhesabu kinachopotea kwenye kukata na kukunja pindo. Anayeanza, katika saa tatu, hufika urefu wa mkono mmoja au miwili. Ni wazi kwamba warsha ya siku moja haiwezi kutoa mkeka. Lakini msala mdogo wa mtoto, wa mita 1 kwa sentimita 60, huhitaji mita 12, ambazo ni karibu pima 7. Hilo linawezekana kwa mtu anayekutana na mwalimu wake mara moja kwa wiki na kusuka nyumbani jioni.

Pendekezo langu ni hilo. Warsha zipangwe kwa msimu, zianze kaskazi, mkutano wa kwanza ufanyike bondeni kwa idhini ya mwenye shamba, wa mwisho uwe wa kutia pindo, na kila mwanafunzi amalize kitu kimoja kidogo ambacho kimepita mikononi mwake tangu kikiwa kuti. Naomba maoni yenu.

Mchangiaji (Dar es Salaam)

Dada, nakushukuru kwa maelezo haya, nimejifunza mengi. Hata hivyo ninaona pendekezo lako linawafaa walio karibu na mabonde na wenye nafasi. Mimi ni mwajiriwa, siku yangu ya mapumziko ni moja, na nilihudhuria warsha ya siku moja pamoja na binti yangu. Sikutoka na ufundi, lakini nilitoka na heshima. Tangu siku ile siwezi kuombea mkeka punguzo la bei kama nilivyokuwa nikifanya. Je, hilo si faida?

Mwanzisha uzi

Ni faida, ndugu yangu, tena kubwa, na sitaki warsha za siku moja zifutwe. Ninachokiomba ni kwamba ziitwe jina linalozistahili, yaani kuonja kazi, asiambiwe mtu kwamba amejifunza kusuka mikeka. Pia nadhani siku moja ingeweza kutumika vizuri zaidi kuliko inavyotumika. Mwalimu aje na makuti yaliyokauka ambayo hayajachanwa, na aje na ukili uliokwisha kusukwa. Asubuhi watu wachane, wasuke kwa chane walizozichana wao wenyewe hata kama ni za hovyo. Alasiri washike shazia na kuunganisha mizunguko miwili au mitatu ya ukili wa mwalimu. Atakayehudhuria atakuwa ameziona pande mbili za kazi ambazo kwa kawaida hufichwa, na ile heshima unayoisema itakuwa na msingi mpana zaidi.

Umegusa bei, na ninataka niseme jambo linaloniuma. Katika warsha moja niliyofundisha, mwenye kuiandaa alitulipa sisi mafundi kwa saa tulizokaa na wageni. Siku za kukata, kuanika, kuchana na kuchemsha rangi hazikuhesabiwa, kana kwamba chane zile zilijiandaa zenyewe. Ninaamini hakuwa na nia mbaya; hakuwa ameiona kazi hiyo, kwa hiyo hakuwa na jina la kuiandikia malipo. Mpango unaoanzia kwenye mkindu huifanya kazi ya maandalizi ionekane na mlipaji, na fundi hulipwa kwa yote anayoyafanya.

Mchangiaji (Lamu)

Assalaam aleikum. Mimi nashona kofia za vito, zile zenye nakshi ya vitundu vidogo vilivyoshonwa kwa sindano, na ninataka kupingana nawe kwa adabu. Kwetu kazi ya kofia imegawanyika tangu zamani. Kuna anayechora nakshi kwenye kitambaa, kuna anayetoboa na kushona vile vitundu kimoja kimoja kwa sindano, na kuna anayeunganisha duara la juu na mzunguko wa pembeni. Mtu anaweza kushona vito maisha yake yote, akasifiwa mji mzima, bila kuwahi kuchora. Hata ukili huuzwa sokoni ukiwa umesukwa, na mwingine akaununua akashona mikoba. Kwa nini basi mwanafunzi alazimishwe kupita kila hatua, wakati mafundi wenyewe hawapiti?

Mwanzisha uzi

Waaleikum salaam. Hoja yako ni nzito na nimeifikiria kabla ya kujibu.

Ni kweli kazi hugawanywa, na mgawanyo huo ndio uliowawezesha watu wengi kupata riziki. Lakini nadhani mshona vito unayemtaja amekulia katika nyumba au mtaa ambao mchoraji yupo, na muunganishaji yupo. Ameona kwa macho yake nakshi iliyochorwa vibaya ikimsumbua, na amewahi kurudishiwa kofia ambayo kipande chake hakikukaa. Hakuchora, lakini anajua mchoro mzuri unavyokuwa. Mwanamke anayenunua ukili sokoni naye huupitisha mikononi, huukunja, huangalia nyuma kama ncha zimeachwa ndefu, na hujua mara moja kama chane zilichanwa na mtu mvivu. Ujuzi huo aliupata bure kwa kuishi karibu na kazi yote. Mwanafunzi wa warsha anatoka mtaa wa magorofa ambako hakuna mkindu wala mshonaji. Tusipompitisha katika hatua zote japo mara moja, hana pengine pa kuziona. Baada ya hapo, akitaka kubaki na kusuka tu, au kushona tu, ni hiari yake na itakuwa hiari ya mtu anayejua.

Ningependa kuongeza kwamba Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2011, unautaja ufundi wa jadi kwa maana ya maarifa na stadi zenyewe, pamoja na kuzirithisha. Mkeka tunaweza kuuhifadhi makumbusho. Namna ya kujua kwamba kuti limefikia kukatwa haiwekwi kwenye kabati la kioo.

Mchangiaji (Kampala)

Naunga mkono mwanzisha uzi kwa mfano wa huku kwetu. Kitambaa cha gome cha Baganda, ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 na kukiingiza kwenye orodha yake wakilishi mwaka 2008, hutengenezwa kwa gome la ndani la mti wa mutuba. Gome huvunwa wakati wa mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, ndani ya banda lililo wazi ili lisikauke haraka mno. Mgeni akiletewa gome lililokwisha kupigwa nusu, akapewa nyundo ya mwisho, atafurahia mlio na atapiga picha. Lakini hatajua kwa nini fundi hakuja na gome wakati wa kiangazi.

Mchangiaji (Mombasa)

Mwalimu, naomba kuuliza. Mimi hutazama video za kusuka kwenye intaneti na nimefuata hatua zote, lakini ukili wangu unatoka umelegea, na mara nyingine nakuta nimesuka kinyume. Je, video inatosha, au nitafute mtu?

Mwanzisha uzi

Tafuta mtu, ndugu, na video ibaki kuwa ukumbusho wako baada ya somo.

Hayo ya kusuka kinyume yana sababu ya wazi kabisa. Video nyingi hupigwa kutoka mbele ya msukaji, kwa hiyo mkono wake wa kulia unauona kushoto kwako. Wanaofundisha majumbani hawamkalishi mtoto mbele yao. Humkalisha ubavuni, bega kwa bega, wote wakitazama upande mmoja, ili mkono wa mtoto ufuate mkono wa mwalimu bila kugeuza chochote kichwani. Nimeona warsha ambapo viti hupangwa kwa nusu duara kumzunguka fundi, na nusu ya wanafunzi hupoteza saa nzima wakipambana na jambo ambalo lingekwisha kwa kuhama tu mahali pa kukaa. Fundi mmoja na wanafunzi wanne, wawili kila upande wake, ni mpango mzuri. Wakizidi sita, aongezwe fundi wa pili.

Kuhusu kulegea, nashuku chane zako ni kavu mno. Chane husukwa zikiwa na unyevu kidogo. Zikiwa kavu huvunjika kwenye mkunjo, nawe kwa kuogopa kuzivunja unashindwa kuzikaza. Zikiwa zimelowa sana hukazika vizuri, lakini zikikauka hupungua na ukili huachia nafasi. Kiasi cha kati hakionekani kwenye kioo cha simu. Mwalimu huchukua chane yako, huizungusha kwenye kidole, hukurudishia na kusema iongezee maji au iache ipumzike, nawe ukishafanya hivyo mara kadhaa vidole vyako huanza kutoa jibu kabla yake. Loanisha kitambaa safi, kikamue, funga chane ndani yake kwa muda, kisha suka kwa fungu dogo dogo badala ya kuzitoa zote pamoja.

Mchangiaji (Muscat)

Sisi huku hatuna mkindu, lakini mitende imejaa. Bibi yangu alizaliwa Unguja na alikuwa akisuka. Ningependa wanangu wajifunze. Je, majani ya mtende yanafaa, au ni lazima tuagize ukindu?

Mwanzisha uzi

Yanafaa kabisa, ndugu yangu. Mtende na mkindu ni ndugu, wote ni wa jenasi ya Phoenix, na huko Oman kwenyewe kuna kazi ya zamani ya kusuka majani ya mtende kuwa mikeka na vikapu. Msijiagizie ukindu kutoka mbali wakati mafundi wa hapo mlipo wanaijua mitende yao. Watafuteni kwanza hao, hasa wanawake wazee wa vijijini, mjifunze kwao namna ya kuchagua kuti na kulianika katika jua lenu ambalo ni kali kuliko letu. Majani ya mtende kwa kawaida ni magumu kuliko ukindu, hivyo muyaloweshe kwa muda mrefu zaidi kabla ya kusuka, na muwaanzishie watoto ukili mwembamba wa chane chache.

Kwa watoto, kitu cha kwanza kiwe kipepeo cha kujipepea au kikapu kidogo badala ya msala, ili wafike kwenye kushona kabla hawajachoka. Na kama bibi aliacha mkeka wowote nyumbani, hata uliochakaa, msiutupe: fumueni pindo upande mmoja, muwaonyeshe watoto uzi ulivyopita ndani ya kingo, kisha muutie pindo jipya pamoja nao.